Imeli inapouliza wewe ni nani: mabadiliko ya barua pepe yanavyotukuta Goma

Kwenye sekretariati za Birere, na zile zilizojipanga karibu na vyuo, mahali watu wanapochapisha barua za kuomba kazi, kuskani diploma ya serikali na kutoa fotokopi, malalamiko ya imeli hayakosekani. Mmoja anashindwa kuingia kwenye sanduku lake ingawa neno la siri ni lilelile. Mwingine anaingia vizuri, lakini barua anazotuma haziwafikii aliowaandikia. Wa tatu amerudi kwenye anwani yake ya zamani akakuta barua zote zimetoweka. Wote watatu hupewa jibu moja: mtandao ni mbaya leo, rudi kesho.

Mara nyingi mtandao hauna kosa. Watu hao watatu wamekutwa na mabadiliko matatu tofauti, kila moja na mwaka wake, sababu yake na dawa yake. Anayeyachanganya atarudi kesho, na keshokutwa, na tatizo litamngoja palepale. Hapa Goma jambo hili si dogo. Kazi za mashirika zinaombwa kwa imeli, zabuni zinapelekwa kwa imeli, ufadhili wa masomo na miadi ya visa hupita hukohuko. Aliyefungiwa nje ya sanduku lake wiki mbili anaweza kupoteza nafasi aliyoisubiri mwaka mzima.

Mfumo ambao haukumuuliza mtu

Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyetuma ujumbe wa kwanza wa aina hii kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, mwaka 1971, na ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta. Kanuni za kusafirisha barua tunazozitumia mpaka leo, zinazoitwa SMTP, ziliandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982. Mtandao wa wakati huo ulikuwa wa watafiti, vyuo na jeshi. Waliokuwa ndani walikuwa wachache, na wengi walijuana. Kumhoji mtumaji hakukuonekana kuwa na maana.

Fikiria bahasha unayomkabidhi mfanyakazi wa boti inayotoka Goma kwenda Bukavu. Nyuma yake umeandika jina la mtumaji. Mfanyakazi haombi kitambulisho. Anaangalia inakokwenda, basi. Ukiandika jina lako, itafika. Ukiandika jina la gavana, itafika vilevile. SMTP ilijengwa hivyo. Seva inayopokea, yaani kompyuta inayohudumia barua, inaambiwa kwamba barua imetoka kwa fulani, na kanuni za mwanzo hazikuipa njia yoyote ya kuhakikisha.

Matangazo yasiyoombwa yalianza hata kabla ya kanuni hizo: Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400. Halafu barua pepe ikawa ya kila mtu. Hotmail ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1996, barua pepe ya Yahoo ikafuata mwaka 1997, na Gmail ikaja tarehe 1 Aprili 2004 ikitoa gigabaiti 1 wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2. Wakubwa wetu waliojifunza intaneti kwenye saiba za miaka ile wangali na anwani za @yahoo.fr. Congo nayo ilionja mapema badiliko linalokata anwani: nchi ilipoacha kuitwa Zaire mwaka 1997, anwani zilizoishia na .zr zilianza kuipisha .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa.

Matapeli walipofuata umati, ikabidi swali ambalo mwaka 1982 halikuulizwa lianze kuulizwa. Mwenye sanduku anaulizwa anapoingia. Seva inayotuma barua inaulizwa kabla barua haijapokelewa. Sanduku lililokaa kimya nalo linaulizwa kama mwenyewe yupo bado. Karibu kila badiliko linalotuhangaisha linaingia katika mojawapo ya maswali hayo.

Lakini maswali yenyewe yalitungwa na watu waliomfikiria mtumiaji mwenye simu yake peke yake, namba asiyoibadilisha miaka kumi, kompyuta nyumbani na umeme usiokatika. Maisha yetu hayako hivyo. Simu moja hutumiwa na ndugu wawili. Mtu ana laini ya Vodacom, ana ya Airtel, na ana ya Rwanda kwa ajili ya shughuli za Gisenyi. Kuna kuibiwa, na kuna kukimbia: Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na vita vilipoingia mjini Januari 2025, watu waliondoka na walichoweza kubeba. Aliyerudi bila laini yake alirudi pia bila njia ya kujibu swali la imeli. Mabadiliko haya nayaunga mkono, kwa sababu bila hayo barua pepe ingekuwa imekufa kwa utapeli. Ninachosema ni kwamba gharama yake inatufikia sisi mapema kuliko wengine, na hatuna budi kujiandaa kuliko wengine.

Mlango wa kuingilia

Zamani neno la siri lilitosha. Halitoshi tena, kwa sababu maneno ya siri yameibwa kwa wingi usioelezeka. Wizi wa data uliotokea Yahoo mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3, na kampuni ilikiri ukubwa huo mwaka 2017. Mtu anayetumia neno moja kwenye Yahoo, Facebook na Gmail alikuwa amefunguliwa milango yote kwa mpigo. Ndipo ukaja uthibitisho wa hatua mbili: baada ya neno la siri, unaombwa namba inayotumwa kwenye simu.

Hapo ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Kuna siku muuguzi mmoja, mama wa makamo, alifika sekretariati na karatasi yenye anwani yake na neno lake la siri, vyote vimeandikwa kwa mkono mzuri. Shirika moja lilikuwa limemwita kwenye mtihani na maelezo yalikuwa ndani ya sanduku. Kijana akaandika vyote, kompyuta ikagoma, ikaonyesha nyota na tarakimu mbili za mwisho.

"Mama, wanataka kutuma namba kwa simu inayoishia na 47. Iko ya kwako?"

"Hapana, mwanangu. Yangu inaishia na 12, tangu zamani."

Ilikuwa namba ya kijana mwingine, yule aliyemfungulia anwani miaka iliyopita katika sekretariati ambayo haipo tena. Google iliomba namba ya simu, mama hakuwa na simu mkononi, kijana akaweka yake ili kazi iende mbele. Alifanya hivyo kwa wateja wengi, bila nia mbaya. Leo masanduku yote hayo yanamtambua yeye kama mwenyewe, na laini yake pengine iko mfukoni mwa mtu mwingine kabisa, kwa sababu kampuni za simu huchukua namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika na kuiuza upya.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kitu kingine chochote: ukiwa bado unaweza kuingia, fungua mipangilio ya akaunti na uangalie ni namba ya nani imeandikwa pale. Usisubiri siku utakayofungiwa. Aliyeko ndani anabadilisha namba kwa muda mfupi. Aliyefungiwa nje anaweza asirudi kamwe. Laini ikipotea, ifuatilie haraka kwenye duka la kampuni ya simu, ukiwa na kadi ya mpiga kura au kitambulisho ulichosajilia. Na hapa kuna kosa jingine la kawaida: laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji au mwenye nyumba, siku ya kuirudisha, itarudishwa kwake.

Njia ya pili haihitaji simu hata kidogo, nami nashangaa kwa nini haijulikani. Ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, Google inakupa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu nane, kila moja inatumika mara moja tu. Unazichapisha kwenye karatasi. Kila familia ya Goma ina bahasha ya plastiki yenye diploma, vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, ile inayoshikwa kwanza mtu anapokimbia. Karatasi ya namba za akiba ikae humo. Usiandike juu yake anwani yako wala neno lako la siri, ili atakayeiokota asijue ni ya sanduku gani.

Ipo pia programu ya simu inayotengeneza namba mpya kila sekunde 30. Watu hudhani inahitaji intaneti, haihitaji. Simu na seva zilipeana siri moja siku ya kwanza, na tangu hapo kila upande unakokotoa namba kutokana na siri hiyo na saa. Mtandao wa simu ukikatika, namba bado inatoka. Kinachoiharibu ni saa ya simu iliyopotea majira, basi acha simu ijirekebishe saa yenyewe. Na hamisha programu hiyo kwenye simu mpya kabla hujaiuza ya zamani.

Aliyekwisha kufungiwa nje ana nafasi nzuri zaidi akijaribu kutoka mahali na kwenye kifaa alichozoea kutumia. Google yenyewe inashauri hivyo, kwa sababu mashine inapima kama mazingira yanafanana na ya siku zote. Mtu aliyekimbilia Kampala akajaribu kuingia kwa simu ya kuazima anaonekana kama mwizi. Kama simu yake ya zamani ipo kwa ndugu yake Goma, hata yenye kioo kilichopasuka, hiyo ndiyo ijaribiwe kwanza.

Upo mlango mwingine mdogo ambao ulifungwa bila watu kuona. Programu za kompyuta na mashine za kuskani zilikuwa zikiingia kwenye sanduku kwa kupeleka jina na neno la siri, hivyo tu. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kukubali njia hiyo kwenye akaunti za watu binafsi. Microsoft ilifanya vivyo hivyo kwa akaunti zake za Outlook na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Njia hiyo ilipofungwa, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikiskani na kutuma moja kwa moja kwa imeli ilianza kudai kwamba neno la siri si sahihi, na programu ya zamani ya Outlook kwenye kompyuta ya ofisi ikaanza kuuliza neno la siri kila dakika. Ofisi nyingi zilibadilisha neno la siri mara tatu, nne, bila kupona, maana neno halikuwa na kosa.

Njia mpya ni kwamba programu haipewi tena neno la siri. Inakupeleka kwenye ukurasa wa Google au Microsoft, unaingia wewe mwenyewe, kisha programu inapewa kibali chenye mipaka, ambacho unaweza kukifuta wakati wowote bila kubadilisha neno la siri. Thunderbird, programu ya barua ambayo ni ya bure, inaijua njia hii. Mashine ya zamani isiyoijua huweza kusaidiwa, kwa upande wa Gmail, na neno maalumu la herufi 16 linalotengenezwa ndani ya akaunti kwa ajili ya mashine hiyo peke yake, mradi uthibitisho wa hatua mbili uwe umewashwa. Herufi hizo unaziingiza kwenye mashine mara moja, na skana inaamka.

Barua inayotoka isifike

Tatizo la pili linawapata zaidi mashirika madogo na wafanyabiashara wenye anwani zao wenyewe, zile zinazoishia na jina la shirika. Barua imeandikwa vizuri, imetumwa, na mfadhili anasema hakupokea kitu. Pengine iko kwenye folda ya spamu, yaani ya barua taka. Pengine ilirudishwa, na tangazo la kurudishwa likafutwa na katibu aliyedhani ni virusi.

Turudi bandarini kidogo. Tuseme mkuu wa shirika amebandika pale orodha ya watu wanaoruhusiwa kuleta bahasha zake. Hiyo ndiyo kazi ya SPF: domeini, yaani jina la shirika kwenye mtandao, inatangaza hadharani seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Tuseme pia kila bahasha ina muhuri wa mkuu unaoonyesha kama barua imebadilishwa njiani. Hiyo ni DKIM, saini inayotengenezwa kwa hesabu na kukaguliwa na anayepokea. Kisha mkuu anaandika agizo: bahasha inayodai kutoka kwangu, isiyo na mchukuzi wa kwenye orodha wala muhuri wangu, iwekwe kando au irudishwe. Hiyo ni DMARC.

Zana hizi zilikuwepo miaka mingi, lakini hazikuwa za lazima. Onyo la kwanza kubwa lilikuja Aprili 2014, Yahoo ilipoamuru kwamba barua yoyote inayodai kutoka @yahoo.com bila uthibitisho ikataliwe. Utapeli ulipungua, ila makundi mengi ya barua yalivurugika duniani kote, kwa sababu seva ya kundi hupokea barua ya mwanachama na kuituma upya kwa wenzake, na macho ya mfumo mpya yaliona udanganyifu. Februari 2024 Google na Yahoo kwa pamoja wakaifanya sheria. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia rahisi ya kujiondoa, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Microsoft ikafuata na masharti ya namna hiyo kwa masanduku ya Outlook kuanzia Mei 2025.

Watu wengi wa mashirika madogo walisoma tarakimu ya 5,000 wakatulia. Sisi tunatuma barua ishirini kwa siku, inatuhusu nini? Inawahusu. Hata anayetuma barua tano anatakiwa na Gmail awe na SPF au DKIM, mojawapo. Asiye na chochote atarudishiwa barua yake na maelezo marefu yenye namba 550-5.7.26. Ukiiona namba hiyo, acha kubadilisha maneno ya siri, acha kununua mega zaidi, usimlaumu mfadhili. Namba hiyo ina maana moja: Gmail haikuweza kuthibitisha kwamba barua imetoka kwenu.

Marekebisho ni mstari mmoja wa maandishi unaowekwa mahali domeini yenu inaposimamiwa. Shirika linalotumia huduma ya Google kwa barua zake huandika hivi:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Sehemu ya kwanza inasema hii ni orodha ya SPF. Ya kati inasema seva za Google zinaruhusiwa kutuma kwa jina letu. Ya mwisho inasema nyingine zote zitiliwe shaka. Mnaotumia kampuni nyingine mtapewa na kampuni hiyo sehemu yao ya kati. Kosa ninaloliona zaidi ni kuwa na mistari miwili ya SPF, mmoja wa tangu tovuti ilipojengwa, wa pili ulioongezwa baadaye. Kanuni inaruhusu mmoja tu kwa domeini moja. Miwili ikikutana, ukaguzi unashindwa na ni kama hamna hata mmoja. Unganisheni yote ndani ya mmoja.

Kupima ni rahisi. Tumeni barua kutoka anwani ya shirika kwenda Gmail yoyote, ifungueni kwenye kompyuta, bonyezeni vidoti vitatu pembeni, halafu mahali ambapo Gmail ya Kifaransa inaandika "Afficher l'original". Juu kabisa mtaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja imeandikwa kama imepita au imeshindwa. Hakuna haja ya fundi kwa kuangalia tu, na mkurugenzi anayetoa fedha za tovuti anapaswa kujua kuangalia mwenyewe.

Kigumu zaidi kuliko mstari wenyewe ni kujua ufunguo wa domeini uko kwa nani. Mara nyingi tovuti ilijengwa na mtu wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao, au na kijana aliyepata kazi Kinshasa. Domeini imeandikwa kwa jina lake, imeli ya malipo ni yake. Siku muda wake ukiisha bila kulipwa, barua za shirika zima zinazimika. Mtafuteni akiwa bado anapokea simu zenu.

Sanduku lenyewe

Tatizo la tatu nitalisema kwa ufupi. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumika miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huohuo. Yahoo ina subira fupi zaidi, miezi 12. Ile anwani uliyoijaza kwenye fomu ya chuo na kuiacha ihesabu kuwa inayoyoma. Ingia, soma barua moja, hesabu inaanza upya.

Lililo jipya kwetu ni kujaa. Gmail, Drive na picha za Google hugawana gigabaiti 15 za bure, na tangu Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa. Tangu 2024 hata nakala za akiba za WhatsApp kwenye simu za Android zimeingizwa humohumo. Video za harusi, za mahubiri, za kundi la ukoo, zikiwekwa akiba kila usiku, zinakula nafasi ileile inayongojewa na barua ya kukuita kazini. Nafasi ikiisha, barua mpya hazipokelewi, na mwenyewe anaona kimya tu. Ondoa video kwenye akiba ya WhatsApp kwanza. Ndiyo nafuu ya haraka kuliko kufuta barua mojamoja.

Wenye mtandao dhaifu nao walipoteza kitu mwanzoni mwa 2024, Gmail ilipofunga ule ukurasa wake mwepesi usio na mapambo, uliokuwa ukifunguka hata kwenye mtandao wa kuvuta pumzi. Mbadala mzuri ni programu inayoshusha vichwa vya barua na kuacha viambatisho mpaka uviombe. Thunderbird ya Android, iliyotolewa Oktoba 2024, inaruhusu kuweka kikomo cha ukubwa wa kinachoshushwa, na mega zinadumu. Na waliozoea kusoma @yahoo.fr yao ndani ya Gmail wajue kwamba Google ilitangaza kuiondoa huduma hiyo ya kuvuta barua za kampuni nyingine kuanzia 2026. Hao waweke akaunti zote mbili ndani ya programu moja ya simu, au waisome Yahoo kupitia programu yake yenyewe.

Tunavyojizoesha

Mji huu hauna shida ya kujizoesha. Shida ni njia ipi. Iliyoenea kuliko zote ni kufungua anwani mpya kila ya zamani inapokataa. Inachukua dakika kumi, mteja anatoka ameridhika. Lakini anwani ya zamani ndiyo iliyo kwenye fomu ya chuo, kwenye orodha ya shirika lililomfanyia mtihani, kwenye barua ya rufaa, na kwenye akaunti ya Facebook ambayo nayo siku moja itauliza imeli. Nimewaona vijana wenye anwani nne, na hakuna hata moja inayojulikana na wote wanaowatafuta. Ndiyo maana nasema anwani mpya iwe hatua ya mwisho, na siku inapofunguliwa, mtu akae chini aorodheshe wote wenye anwani ya zamani na awaandikie siku hiyohiyo.

Wengine wamehamia WhatsApp kabisa. Kwa mazungumzo ni sawa, na sioni sababu ya kuwalaumu. Ujumbe unafika, mega ni chache. Ila WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu, ile ile tuliyoona inavyopotea, na ofisi nyingi hazikubali zabuni wala ombi la kazi kupitia huko.

Tumaini langu liko kwa vijana wa sekretariati. Hao ndio mafundi wa imeli wa mji huu, wawe wamesomea au la. Mama anayetaka barua yake hatasoma kurasa za msaada za Google, atamuuliza kijana aliye mbele yake. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa informatiki wanaotafuta mahali pa mafunzo ya kazi. Wapelekwe pale wiki chache, wafundishane. Kazi yenyewe ni hii: kijana asiweke kamwe namba yake kwenye akaunti ya mteja. Asiye na simu siku hiyo arudi nayo kesho. Uthibitisho wa hatua mbili ukiwashwa, namba 10 za akiba zichapishwe na mteja azikunje mwenyewe. Kompyuta isiambiwe ikumbuke neno la siri. Na kabla mteja hajalipa, aingie kwenye sanduku lake kwa simu yake mwenyewe, aandike barua moja fupi kwa mtu anayemjua, na asubiri palepale mpaka jibu lirudi.